Hakuna Deki Iliyopatikana

Mashine iliniambia hakuna deki ya CD. Iliniambia kwa herufi nyeupe juu ya kioo cha bluu, kwa adabu kabisa, huku taa ya deki hiyohiyo ikiwaka na diski ikizunguka ndani yake, ikilia kama nyigu aliyefungiwa kwenye chupa.

"Sasa haya maneno umeyasoma wapi?" nikaiuliza. "Kama deki hakuna, umeyatoa tumboni mwako?"

Nuria, binti yangu, alikuwa pajani mwangu akitafuna ganda la mkate. Akakiangalia kioo, akaniangalia mimi. Hajatimiza miaka mitatu, lakini anajua kwamba nikizungumza hivyo na mtu, mtu huyo amekosea. Akakinyooshea kioo lile ganda lake lililolowa mate. Pengine alidhani kina njaa.

Ilikuwa Jumapili ya Februari, na baridi yetu ya Badajoz, huku Hispania, ilikuwa inapanda kutoka sakafuni. Jumanne nilikuwa na mtihani. Manispaa ilitaka msaidizi wa chumba kipya cha kompyuta kando ya soko, kile ambacho wazee wanakwenda kujifunza kuandika barua pepe na vijana wanakwenda kujifanya wanasoma. Mwalimu Leandro wa shule yetu ya jioni alitueleza wazi watakachotaka: watakuwekea mezani mashine tupu, watakupa diski ya Linux, ule mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, watakaa kukutazama. Ukiweza kuiweka na mashine ikawaka, unaingia kwenye orodha. Usipoweza, asante kwa kuja.

Linux nilikuwa naitumia kila jioni darasani. Naipenda, niseme ukweli. Naiona ni mali yangu kama ilivyo ya mtu yeyote. Lakini mashine za darasani zilikuja zimeshawekwa kila kitu. Kuiweka mwenyewe, kutoka mashine tupu hadi mwisho, sikuwahi. Nyumbani nilikuwa na mashine moja tu ya kujifunzia, na ndiyo hii iliyokuwa ikikataa kuiona deki iliyokuwa ikinisomea.

Nilikwisha kujaribu diski iliyokuja na gazeti la Jumapili. Nikajaribu nyingine aliyonichomea mwalimu. Mama mkwe wangu, Remigia, ambaye tunaishi kwake, alizipangusa zote mbili kwa kolonya, yale manukato yake ya chupa, maana katika nyumba yake hakuna kisichopona kwa kolonya, kuanzia kipandauso hadi swichi ya taa. Zote mbili zilianza vizuri. Nembo ilitokea, nikachagua lugha, nikachagua kibodi, halafu kimya kirefu, halafu maneno yaleyale. Hakuna deki ya CD iliyopatikana.

Mlango ukafunguliwa, akaingia shemeji Anselmo, kaka wa mume wangu, na sinia lake la keki za Jumapili limefungwa kwa uzi. Anselmo anauza mashine za kufulia, kwa hiyo katika familia hii kila kitu chenye waya ni chake. Kompyuta hii aliileta yeye wakati wa Krismasi, akaiunganisha yeye, na tangu hapo anaizungumzia kama mtu anayezungumzia ng'ombe aliyemwazima jirani asiyejua kukamua.

"Bado inagoma?" akamwuliza Fermín, mume wangu.

"Niulize mimi," nikasema. "Mimi ndiye niko mbele yake."

"Haya, shemeji. Bado inagoma?"

"Bado."

"Nilisema mimi." Akaweka keki mezani, akavua glavu taratibu. "Gazeti lilelile si ndilo lililotoa seti ya sufuria kwa kuponi? Mama, ile sufuria iko wapi?"

"Mpini ulitoka," mama mkwe akajibu toka jikoni.

"Umesikia? Sasa wewe unataka wakutengenezee kompyuta watu wa mpini."

Fermín akacheka. Nikamwangalia, akaacha kucheka, lakini alikuwa amechelewa.

"Diski si mbovu," nikasema. "Zingekuwa mbovu zisingeanza. Mashine inawaka kwa hiyo diski, inasoma, inaniuliza maswali, halafu inasema deki haipo. Kuna kitu kati ya deki na mashine."

Anselmo akamgeukia tena Fermín. "Hii mifumo ya bure haielewi vifaa. Vifaa vinatengenezwa kwa ajili ya mfumo wa kununua. Baada ya kahawa naibeba, napitia nayo dukani, namrudishia ule wa zamani. Jumatano anayo hapa, nzima."

"Jumanne nina mtihani, Anselmo."

"Ndiyo nzuri, utakwenda umepumzika."

"Mwache aibebe, Casilda," Fermín akasema kwa ile sauti yake ya kutuliza farasi. "Ana nia njema."

Sijui wanawake wengine hufanyaje mtu akiambiwa mbele yao kwamba ana nia njema. Mimi masikio yaliniwaka. Nilikuwa nimetoka usiku katika mvua kwenda darasani, mtoto nikimwacha analia dirishani, nikirudi nimkute amelala na kiatu changu mkononi. Nilijifunza majina ya vitu ambavyo Anselmo anaviita "hicho kidude." Na sasa watu wawili walikuwa wanagawana mashine juu ya kichwa changu kama vile mimi ni kiti.

"Haitoki humu ndani," nikasema.

"Tutaona baada ya kahawa," Anselmo akasema, akakaa.

Tukakaa wote, kwa sababu chakula kilikuwa tayari na kwa mama mkwe dengu hazimsubiri mtu. Meza yake ni ya duara, na inavaa kitambaa kizito cha sufu hadi sakafuni, tunakiita shumizi. Chini yake kuna sinia la shaba la makaa. Ndugu zake wamemnunulia jiko la umeme mara kadhaa, na kila mara amelipeleka kwa mtu mwingine. Yeye anataka makaa yake ya matawi ya mzabibu. Kila mmoja anajifunika shumizi magotini na kuitia miguu motoni, na hivyo ndivyo tunavyoimaliza baridi. Huko chini tunakausha soksi, tunaumua mkate, tunawaweka vifaranga walioanguliwa mapema. Na huko chini, kwa kuwa meza ya dirishani ni ya sanamu ya Bikira na hapa juu tunakula, Anselmo aliweka sipiyu, lile sanduku la kompyuta lenye deki. Kioo na kibodi vinakaa kwenye kabati la vyombo nyuma yangu, nyaya zinapita chini ya shumizi, na wageni hawaoni kitu; nikitaka kutia diski nainua ukingo wa shumizi upande wa deki. Mama mkwe alisifu sana kazi hiyo.

Tukala. Anselmo alisimulia habari za mteja aliyefua paka kwa bahati mbaya. Paka alipona. Nuria aliteleza kutoka kwenye kiti, akapotelea chini ya shumizi, kama kawaida yake, na nikamsikia akizungumza na viatu vyetu. Mama mkwe akainama na kijikoleo chake, akachokoa makaa. Kisha akabaki vilevile, ameinama, pua juu.

"Nani ameacha viatu karibu na moto?"

"Siyo mimi," Fermín akasema.

"Kuna mpira unaungua. Harufu hii naijua, baba yenu aliniunguzia buti za mvua mwaka tulioposana."

Niliinua shumizi kabla hajamaliza, nikamvuta Nuria kwa mkono mmoja na kumpapasa miguu, gauni, nywele. Alikuwa mzima, na hasira kwamba nimemkatiza. Hakukuwa na kiatu karibu na moto. Nikapiga magoti, nikaingiza kichwa.

Sipiyu ilikuwa imesimama pale karibu na sinia, na ubavu wake mmoja ulikuwa wazi. Anselmo alitoa ule mfuniko wa pembeni tangu Krismasi, "ipate hewa," na ubavu wazi ulitazama makaa. Mle ndani kuna nyaya mbili pana, bapa kama utepe wa shada. Moja inakwenda kwenye diski kuu, ile inayohifadhi kila kitu, na imejificha nyuma ya bati. Nyingine inatoka kwenye deki ya CD, na imening'inia mbele, imejikunja, ikiota moto majira yote ya baridi pamoja na sisi. Nikaigusa. Ilikuwa ngumu kama ganda la chungwa lililosahaulika dirishani, na ukingo wake ulikuwa umegeuka rangi ya kahawia.

Mama mkwe naye akapiga magoti kando yangu, huku akilalamikia magoti hayo, akavaa miwani.

"Maskini," akasema. "Imeota vibuzi."

Vibuzi ni yale madoa mekundu ambayo wanawake wa kwetu hupata miguuni kwa kukaa na jiko la chini ya meza, yamesambaa kama wavu. Yeye anayo tangu ujana. Akavuta soksi yake kidogo, akalinganisha mguu wake na ule waya, na kweli vilifanana.

Nikabaki pale chini, maneno ya mwalimu Leandro yakinirudia. Alituambia mashine inapowaka tu inasoma diski polepole, kama mtu anayesoma kwa kidole, na kwa mwendo huo hata waya mbaya hupitisha. Kisha Linux inashika kazi yenyewe, inaanza kuvuta kwa kasi, na kama waya hauwezi, herufi zinafika zimevurugika. Inauliza mara nyingi, haipati jibu la maana, inahitimisha kwamba hakuna mtu. Niliposikia maelezo hayo nilidhani ni ya mashine kuukuu za watu wengine.

Na nikakumbuka CD za hadithi za Nuria, zile zenye picha, zilizokuwa zikigandaganda tangu Januari. Anselmo alizishika kwenye mwanga, akasema mtoto amezikwaruza. Mtoto alinyang'anywa hadithi zake kwa kosa la waya.

Nikasimama.

"Nani aliiweka hii mashine kwenye moto?"

"Casilda," Fermín akasema.

"Sijakuuliza wewe. Nani aliiweka kwenye moto na kuivua nguo?"

Anselmo akafuta mdomo. "Mlitaka isionekane."

"Mimi nilitaka iwe dirishani."

"Dirishani ni pa Bikira," mama mkwe akasema.

"Bikira angesogea, mama. Yeye ana mtoto, angeelewa."

Akafanya ishara ya msalaba, lakini niliona kona ya mdomo wake.

"Ni waya tu," Anselmo akasema. "Kesho dukani natafuta mwingine. Ndiyo maana nasema niibebe. Unaona?"

Hapo ndipo kilichokuwa kimebaki cha subira yangu kilipokwisha. Nilizima umeme, nikachomoa nyaya zote kwa nyuma, nikaibeba ile sipiyu kifuani kama ninavyombeba Nuria akilala, nikaitua juu ya meza. Katikati. Fermín aliokoa bakuli la dengu. Mkate ulianguka, hakuna aliyeuokota.

"Tunakula hapa," mama mkwe akasema.

"Mmekula. Nipe bisibisi, Fermín."

"Mke wangu, hebu kwanza..."

"Bisibisi. Halafu ukitaka kunituliza, nitulize huku umeishikilia tochi."

Akaleta bisibisi. Akaleta na tochi, akaishika, na nitamhesabia hilo.

Waya wa diski kuu ulikuwa mzima. Lile bati lililoukinga dhidi ya makaa liliokoa kila kitu. Na ule waya una vichwa vitatu: kimoja kwa mashine, cha mwisho kwa diski kuu, na cha katikati kilikuwa kinaning'inia bila kazi. Sikuhitaji duka. Nikauchomoa waya ulioungua, nikaukunjua ukingoni mwa meza mbele ya Anselmo ili auone vizuri, nikakichomeka kile kichwa cha katikati kwenye deki. Tukaunganisha tena kioo na kibodi. Nikawasha.

Kioo cheusi. Halafu maneno mapya: hakuna deki, na sasa hakuna hata diski kuu. Hakuna kitu.

"Umeiua," Anselmo akasema kwa upole, upole ule unaostahili kofi. "Kabla ilikuwa na kasoro moja. Sasa ni maiti. Shemeji, siyo kwa ubaya, lakini kuna watu wanaozaliwa na mkono wa vitu hivi na kuna..."

"Maliza hiyo sentensi," nikamwambia.

Akainama kuokota mkate. Mama mkwe alikuwa anamtazama.

Nilitaka kulia na nilitaka kumtupia ule waya usoni, na vyote viwili vingewapa haki. Nuria alikuja akanishika sketi. Nikamnyanyua, nikanusa shingo yake yenye harufu ya makaa na mkate, nikafikiri kwa sauti, nikimsimulia yeye kama hadithi.

"Wako wawili kwenye barabara moja, mwanangu, deki na diski kuu. Zamani kila mmoja alikuwa na barabara yake, na kila mmoja alikuwa bwana mkubwa huko kwake. Sasa wamekutana. Mashine inaita, 'Bwana mkubwa,' wanaitika wote wawili kwa pamoja, mashine haielewi neno."

"Wakubwa," Nuria akasema.

"Basi mmoja lazima akubali kuwa wa pili."

Fermín alisogeza tochi nyuma ya deki kabla sijamwambia. Pale kuna vijipini vidogo, na kofia moja ya plastiki nyeusi, ndogo kuliko punje ya mchele, inayosema nani mkubwa na nani wa pili. Kucha zangu hazikuweza kuishika. Nilijaribu, ikanipiga chenga, nikatukana, na niliyoyasema siyaandiki.

Mama mkwe akaondoka. Akarudi na kibano chake cha nyusi.

"Usikipindishe," akasema. "Ni cha harusi yangu."

Kwa kibano cha harusi ya Remigia nikaing'oa ile kofia kutoka kwenye nafasi ya mkubwa nikaisukuma kwenye nafasi ya wa pili. Nikawasha.

Nembo. Lugha. Kibodi. Kisha kile kimya kirefu, na watu wazima wanne tumesimama kuzunguka meza yenye sahani chafu tukitazama kioo kwenye kabati la vyombo. Makaa yalikuwa yanapoa chini na hakuna aliyeyachokoa.

Deki ya CD imepatikana, kioo kikasema, na mara hiyohiyo kikaanza kunakili mafaili, mstari baada ya mstari, kwa kasi ambayo sijawahi kuiona.

Sikupiga kelele wala sikumkumbatia mtu. Nilikaa, nikajibu maswali yote: saa za nchi gani, jina la mtumiaji nani, diski igawanywe vipi. Mahali pa jina niliandika langu. Mama mkwe aligawa keki na kuuliza kwa nini mashine inauliza nenosiri wakati nyumbani hakuna siri. Fermín alimwosha mtoto. Kahawa ilikuja, ikanywewa, na hakuna aliyezungumzia tena kubeba kitu.

Ilipomaliza ikajizima na kujiwasha, na Linux ikafunguka, safi, na jina langu kwenye kona.

"Sawa," Anselmo akasema. "Nakubali, imewaka. Ni bahati, lakini imewaka. Ina mchezo wa karata? Nisogee kidogo nione."

Alikuwa ameshavuta kiti. Aliniwekea mkono begani kunisogeza, si kwa nguvu, kama mtu anavyomsogeza paka.

"Ondoa mkono," nikasema.

Akauondoa.

Nilibonyeza kitufe cha deki, ikatoa ulimi wake, diski iko palepale. Nikaurudisha ndani. Nikaizima mashine, nikaiwasha, na ilipouliza kama nataka kufuta kila kitu kilichomo na kuanza upya, nikajibu ndiyo.

"Unafanya nini?" Anselmo akauliza. "Ilikuwa imekamilika."

"Jumanne hawatanipa iliyokamilika."

"Utaiharibu."

"Nikiiharibu nitajua ilivyoharibika. Nenda ukae na mama, anasikia baridi."

"Kweli nasikia," mama mkwe akasema, akamvuta mkono mwanawe na kumkalisha upande wa pili, mbali na mimi. "Na wewe, binti, hicho kitu kiko juu ya meza yangu mpaka lini?"

"Mpaka niweze kuifanya bila kuwaza."

"Na chakula cha usiku?"

"Tutakula jikoni, mama."

Akachukua sahani, akazipanga moja juu ya nyingine, na akaenda nazo jikoni huku akisema kwamba katika nyumba hii hakuna mtu anayemwambia kitu mapema.

Nembo. Lugha. Kibodi. Deki ikaanza kulia tena, na mimi nikasubiri mikono ikiwa imetulia juu ya kibodi, hasira bado imenijaa, nikiyatamka kwa midomo maswali kabla kioo hakijayauliza.